Verni ya Kucha Juu ya Mkanda

Mtu wa leo akitaka kushika sauti anatoa simu mfukoni, anabonyeza, basi. Halafu simu inamwambia nafasi imejaa, naye anakasirika kama mtu aliyeibiwa. Vijana, nawaangalia nacheka. Mnafuta ngoma ya harusi ya dada yenu ili mpate nafasi ya kupiga picha ya sahani ya pondu. Nafasi imejaa! Sisi nafasi tuliipika. Tuliipika kwenye sufuria, tukaisaga, tukaipaka kwa gurudumu, tukaipiga pasi, na ilipokubali kuimba tulikaa chini kuisikiliza.

Jina langu Asumani. Hapa Tshopo, Kisangani, mnaniita Papa Bande, yaani mkanda kwa Kifaransa, na wengi hamjui kwa nini. Kuna mmoja alidhani ni bendeji, kwamba nilikuwa mchezaji wa mpira. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyonilisha. Mtu asinihurumie. Nani kati yenu amewahi kutengeneza kitu kinachokumbuka?

Kwanza mjue mkanda ni nini, maana nawaona mkiuvuta kutoka kaseti za baba zenu na kuufunga kwenye mashamba ya mpunga kutisha ndege. Ndege wa njia ya Yangambi wameshapeperushiwa kwaya zote za Kisangani. Bon. Mkanda ni vitu vitatu. Kuna ngozi, yaani plastiki nyembamba, haina akili, kazi yake ni kuvumilia kuvutwa. Kuna unga, na unga ndio unaokumbuka. Halafu kuna gundi, ya kuushika unga juu ya ngozi usidondoke. Mengine yote ni maneno ya kuuzia.

Aliyenifundisha hivyo ni Papa Bolamba, mwenye karakana niliyofanyia kazi. Alikuwa mtu wa Yanonge, mtoto wa wavuvi, na bobine alizijua kwa kufagia chumba cha radio mpaka wakamwacha aziguse. Bobine ni yale magurudumu makubwa ya mkanda kabla ya kaseti. Alikuwa na mashine yake moja ya bobine, nzito kama cherehani mbili, na aliifunika kwa shuka safi kuliko ile aliyolalia.

Papa Bolamba alipotaka kujua upande gani wa mkanda una unga, hakuangalia. Aliubusu. Upande wa unga unashika mdomo kidogo, wa plastiki unateleza. Siku moja mama mmoja wa kwaya akamkuta amefumba macho, mkanda wa kwaya mdomoni.

«Papa, ile ni nyimbo ya Mungu,» mama akasema. «Usiibusu na macho ya kufunga.»

«Mama, miye natafuta tu upande.»

«Hata bwana yangu alisema vile.»

Tulikuwa tunaishi vizuri kwa kazi hiyo: kurekodi kwaya, wahubiri, vilio vya matanga, watu wa ngoma. Kisha boti za Kinshasa zikaacha kupanda. Mkanda mpya haukuja tena kwa mto, na uliokuja kwa ndege kupitia uwanja wa Bangboka ulipotea kwa wakubwa kabla sanduku halijafunguliwa. Tukabaki na bobine za zamani, nazo zilikuwa zimekufa. Unyevu wa kwetu hapa unakula gundi. Ukiivuta bobine ya namna hiyo inalia kiii kama mlango, na unga wote unabaki kwenye mashine, mkanda unatoka upande wa pili mweupe kama samaki aliyeparuliwa.

Papa Bolamba akaushika ule uchi wa plastiki, akauinua kwenye jua.

«Asumani, ngozi iko. Tunakosa tu unga na gundi. Unga na gundi ni nini?»

«Ni fufu, Papa.»

Alinipiga kofi la kichwa kwa ule ugali wangu, lakini alikuwa anacheka. Kuanzia pale tukaanza wazimu wetu.

Unga wa mkanda ni kutu. Msicheke. Ile rangi ya chokoleti mnayoiona ndani ya kaseti ni chuma kilichooza kwa adabu. Na kutu Kisangani haikosi. Tukashuka bandarini, kwenye bwato kubwa la chuma lililolala pale ubavu tangu sijui lini, tukaanza kulikwangua na gunia chini. Mlinzi akaja mbio.

«Munapeleka wapi ile kutu? Ile ni kutu ya Leta!»

Leta kwetu ni serikali. Papa Bolamba hakugeuka hata. «Basi Leta ije na gunia yake, tugawane.»

Mlinzi akafikiri. Akaona hakuna sheria aliyoifahamu juu ya kutu. Mwisho akatushikia gunia mdomo wazi tukwangue kwa mikono miwili.

Tuliisaga, tukaipaka, tukaifunga kwenye mashine, tukaimba mbele ya mikro. Kurudisha: kimya. Papa Bolamba, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, alikuwa na desturi ya kuuma kalamu na kuigusisha mashine ili asikie kwa meno. Akauma. Akanyanyua kidole.

«Iko naimba! Sauti ya chini... ya mbali...» Akatoa kalamu. «Hapana. Ile ni tumbo yangu.»

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzo: tuliisogezea ile kutu sumaku ya spika. Haikutikisika. Kutu nyekundu ya maji haisikii sumaku, na kisichosikia sumaku hakikumbuki neno. Tulikuwa tumepaka plastiki udongo.

Dawa ilikuja kwa uvivu wetu. Kutu ilikuwa imelowa, nikaiweka ikauke juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya sufuria moja ya zamani, ambayo chini yake kulikuwa na mabaki ya mafuta ya mawese. Mvua ikaanza kudondoka, nikafunika. Kisha tukaanza kubishana juu ya mpira, na ubishi wa mpira mnaujua. Tulipokumbuka, moshi ulikuwa umeshafika kwa jirani. Nafunua: kila kitu cheusi kama masizi. Papa Bolamba akakishika kifuniko kama anataka kunipiga nacho, akakitupa mezani karibu na spika, na ule weusi uliokuwa umeshikilia kifuniko ukaruka wenyewe juu ya sumaku, ukasimama wima kama nywele za mtu aliyeogopa.

Tulitazamana.

«Nani alikuambia uweke mafuta?» akaniuliza, sauti ndogo.

«Hakuna mutu, Papa. Ni weye hukuosha sufuria.»

Kemia siijui. Sufuria naijua. Kutu na mafuta kidogo, kifuniko kibane, moto wa wastani, isione hewa: inakuwa nyeusi na inasikia sumaku. Baadaye funua, moto mdogo sana, koroga polepole kama unga wa karanga: inageuka kahawia, na bado inasikia. Moto ukizidi pale mwisho, inarudi nyekundu na ujinga wake wa kwanza. Hii kahawia ndiyo ya kazi. Niliipika mara nyingi kuliko nilivyopika chai.

Halafu kusaga. Punje kubwa inakwaruza kichwa cha mashine, na kichwa kikiisha hakuna mwingine. Tulichukua pipa dogo, tukatia ndani unga na zile gololi za chuma za gurudumu la lori, tukalifunga kwenye baiskeli ya toleka iliyosimamishwa juu ya matofali. Toleka ndiyo teksi yetu, inabeba watu mji mzima. Ile yetu haikubeba mtu wala haikwenda popote. Mimi nilipanda, nikapiga pedali mbele ya karakana, jasho linatoka, pipa linanguruma nyuma. Wenye toleka wa kweli wakipita hawakuniacha.

«Papa! Umeshafika Bangboka?»

«Ah, muache, iko napeleka mizigo ya wachawi!»

Unajuaje unga umelainika? Chukua kidogo, weka kati ya meno ya mbele, saga. Ukisikia krr, panda tena baiskeli. Usiposikia kitu, shuka. Nilikuwa narudi nyumbani na meno ya mtu aliyekula makaa.

Sasa gundi. Ndipo mambo yangu yote yalipoharibika na kutengenezeka.

Tulianza na yale mapovu meupe yanayokuja ndani ya masanduku ya televisheni, tukayayeyusha ndani ya petroli. Yanakuwa gundi nzuri ya kiatu. Kwenye mkanda yalikauka magumu, na mkanda ulipokunjika tu yakapukutika kama magamba. Tukajaribu utomvu wa mpira. Ule haukupukutika, ule ulishikana wenyewe kwa wenyewe, bobine ikawa donge moja, tukaitupa na watoto wakaicheza mpira siku mbili tatu. Papa Bolamba akakaa akisugua kichwa. Mimi macho yakaenda upande wa soko.

Sitadanganya, macho yangu yalikuwa yanaenda huko hata kabla ya gundi. Kulikuwa na meza ya Zaina. Zaina aliuza vitu vya wanawake: verni ya kucha, dawa ya kuiondoa, mafuta ya nywele, vitana. Siku hiyo alikuwa anajipaka verni kidole kimoja kimoja, na nikaona jinsi ilivyolala nyembamba, ikakauka mara moja, ikang'aa, na alipokunja kidole haikutoka. Nikasahau kumsalimia. Nilisema tu:

«Hiyo! Nipe hiyo!»

«Kidole ao verni?» akauliza Zaina.

Nilinunua isiyo na rangi. Kesho yake nilirudi kununua tena, na tena, mpaka isiyo na rangi ikaisha sokoni. Papa Bolamba alikuwa anaivuta harufu yake wakati wa kukoroga na anaanza kuimba nyimbo za wapiga kasia. Tukahamia nje, kwenye hewa, na nyinyi mkicheza na vitu vya namna hiyo fanyeni hivyo, tena mbali na mbabula. Nyusi zangu hizi mnazoziona ni za pili.

Sokoni wanawake hawakunyamaza.

«Kaka Asumani,» Zaina akaniambia mbele ya wote, «wake zako wako na vidole ngapi?»

«Sina wake.»

«Basi vua viatu tuone.»

Walicheka meza mpaka meza. Mimi pia nilicheka, lakini nilijua maneno yale yanakwenda wapi. Baba yake Zaina alikuwa Muzee Ramazani, fundi nguo, mtu wa Maniema, mkali wa sala na wa mikunjo ya suruali. Na mimi nilikuwa ninamtaka Zaina. Nilikuwa sijamwambia mtu, nangoja nipate jambo la kujivunia mbele ya mzee huyo. Badala yake habari iliyomfikia ni kwamba kijana mmoja, bila mke, ananunua verni ya mji mzima.

Aliniita. Nilimkuta kwenye cherehani, metre ya kupimia shingoni, na dada yake Shangazi Mwamini amekaa mkekani anachambua mchele. Shangazi alikuwa amekaa Kinshasa miaka mingi, Kilingala kilikuwa kimeshamwingia kuliko Kiswahili. Mkumbuke hilo, maana liliniponza.

«Asumani,» Muzee akaanza, «verni ile yote unapakaka wanawake gani?»

«Hapana wanawake, Papa. Niko natengeneza mukanda.»

Muzee akasimamisha cherehani. Yeye ni fundi nguo. Mkanda kwake ni ule wa kiunoni. «Mukanda ya suruali? Na verni?»

Shangazi yeye akatupa ungo chini. Kwa Kilingala mokanda ni barua. «Mokanda! Nzambe! Kaka, umesikia? Iko naandikia banamuke mikanda na verni ya kucha! Nyekundu! Ili ikuwe kama damu ya moyo!»

«Shangazi, hapana barua, ni mukanda ya sauti...»

«Mukanda ya kiuno inatoa sauti gani?» Muzee akauliza.

«Inashika, Papa. Mutu anaongea, inashika, halafu inaongea yenyewe.»

«Mukanda inaongea yenyewe,» Muzee akamwambia dada yake polepole, kama mtu anayemsomea daktari dalili za mgonjwa.

Nilieleza mpaka mate yakakauka. Kutu. Sufuria. Baiskeli isiyokwenda. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na kichaa, mimi mwenyewe nilijisikia. Mwishoni Muzee akaninyooshea makasi.

«Na binti yangu? Unamutaka ao unataka verni tu?»

Swali la namna hiyo mtu hulitayarishia wiki. Mimi lilinikuta na mkono juu, naonyesha pipa linavyozunguka.

«Namutaka, Papa.»

«Bon. Sikiliza. Siku ya posho hii, nyuma ya sala ya alasiri, utaleta ile kitu yako hapa. Miye nitasema ndani. Kama inarudisha sauti yangu, tutaongea mambo ya Zaina. Kama inanyamaza, hakuna posa, na pale kwa meza yake mguu yako isikanyage tena. Sitaki mukwe wa wazimu.»

Kwa hesabu ya kwetu siku ya posho ni Jumamosi. Ilikuwa karibu mno. Na mkanda wetu, vijana, ulikuwa bado haujasema hata neno moja zima. Verni ilishika unga, ndiyo, lakini baada ya siku moja ilikauka kama ganda la yai na kupasuka mkanda ulipozunguka bobine. Nilijua, na sikumwambia Muzee. Mngemwambia nyinyi?

Kesho yake Zaina mwenyewe akaja karakana. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa nyuma ya pazia. Hakunisalimia. Akachukua kipande cha mkanda uliopasuka, akakikunja, akakiangalia.

«Verni hii ni ya zamani. Hata kwa kucha inapasuka. Wateja wangu wakilalamika, miye naweka tone ya mafuta ya mbarika ndani ya chupa, natikisa. Inakuwa laini.»

«Kwa nini hukuniambia?»

«Uliniuliza? Weye unakuja unasema "nipe hiyo", unakimbia kama mutu aliiba.» Akaweka kikapu mezani. «Isiyo na rangi imeisha, umeimaliza weye. Nyekundu ndiyo inabaki. Na Asumani, usishindwe mbele ya shangazi. Ile mudomo yake itanifuata mpaka nizeeke.»

Papa Bolamba alimtazama akiondoka. «Alors,» akasema, «huyu ndiye injinia. Sisi tuko wabeba mizigo.»

Nitawapa namna ya kupaka, maana mtu asije akasema mzee Bande alikufa nayo. Verni, unga, mafuta ya mbarika kidogo, na dawa ya kuondoa verni ili mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa. Unatia kwenye kisahani. Juu ya kisahani kuna kigurudumu, sisi tulitumia cha cherehani mbovu, nusu yake imezama. Mkanda unapita juu ya kigurudumu bila kugusa maji. Kigurudumu kinazunguka na kuulamba tumbo, upande mmoja tu. Hapo mbele kuna wembe umesimama, unakwangua kinachozidi. Nafasi kati ya wembe na mkanda usiipime kwa jicho, pitisha unywele: ukipita kwa shida, ni sawa. Kisha, kabla haijakauka, mkanda unapita karibu na sumaku, na punje zote zinalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukisahau sumaku, utasikia sauti kama mtu anayeongea ndani ya mvua. Ikikauka, unaupitisha chini ya pasi, ya vuguvugu tu, ili uso uwe laini usikwaruze. Na usisimame katikati! Mkono ukisita, unapata nundu, na nundu kila ikipita kwenye kichwa inasema pu. Tuliuvuta tukipokezana, Papa Bolamba na mimi, hata chooni mtu alikwenda kwa ruhusa.

Ulitoka mwekundu. Haki ya Mungu, mkanda mwekundu unaong'aa, kama kucha ya bibi harusi ndefu kutoka hapa mpaka sokoni.

Siku ya posho tuliufunga ule mzigo wa mashine nyuma ya toleka, safari hii toleka ya kwenda kweli, tukafika kwa Muzee Ramazani. Umeme wa barrage, bwawa letu la mto, ulikuwepo, nashukuru mpaka leo. Muzee alikuwa amevaa kanzu na koti juu. Shangazi Mwamini alikuwa amejipaka verni, sijui aliipata wapi, mji mzima haukuwa nayo.

Papa Bolamba akaweka mikro mbele ya Muzee. Mtu ambaye kila siku sauti yake ilisikika nyumba tatu, akakauka. Akakohoa. Kisha akapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya mto:

«MIYE NI RAMAZANI! FUNDI NGUO! NASHONA SUTI, KANZU, NA NGUO ZA SHULE!»

«Polepole, Papa, iko nasikia,» nikamwambia.

«NASHONA PIA MAPAZIA!» Akashusha sauti. «Imetosha. Sasa tokeni inje. Mambo ya nyumba, tunaongea kwanza na dada yangu.»

Hiyo ndiyo desturi, wageni wanapisha. Lakini bobine ilikuwa bado inazunguka, na Papa Bolamba akaniambia nisiisimamishe: mkanda ulikuwa mbichi, na verni mbichi ikisimama juu ya kichwa cha mashine chenye joto inanata, ukiivuta tena inakatika. Afadhali iende mpaka mwisho. Tukaiacha izunguke, tukatoka kukaa kwenye kibaraza. Nilikuwa natazama miguu yangu. Papa Bolamba alinunua ndizi ya kuchoma, akala peke yake, akasema mimi sina njaa, na alisema kweli.

Walituita. Papa Bolamba akarudisha bobine nyuma kwa mkono, taratibu kama anamfunika mtoto. Akageuza kitufe.

Kwanza shhh, kama samaki anapotiwa kwenye mafuta. Shhh ndefu. Nikaona Muzee anaanza kutikisa kichwa. Shangazi akafungua mdomo. Na ndipo, kutoka mbali, kutoka ndani ya kutu ya bwato na verni ya kucha:

«...ye ni Ramazani! Fundi nguo!»

Muzee akashika ndevu. Niliona meno yake, mtu huyu ambaye sikuwahi kuona meno yake. «Na mapazia?» akauliza. «Mapazia imeshika?» Mapazia yakaja. Akapiga paja. Mimi nikashusha pumzi niliyoizuia tangu asubuhi.

Lakini bobine haikusimama. Ikasema tokeni inje, ikasikika mlango, halafu ikaendelea:

«Kaka, unamuona je?» Hiyo sauti ya Shangazi.

«Mutoto iko muzuri.» Hiyo ya Muzee, ya chini, ya nyumbani. «Mutu anafanya kutu iongee hawezi kushindwa kulisha mwanamuke. Hata kama ile mashine inanyamaza nitamupa Zaina. Lakini sitasema. Nitafanya bei, nitamuambia imekataa, aongeze mbuzi.»

«Wewe kaka uko mubaya!» Kicheko cha Shangazi.

«Na ile suruali yake umeona? Nyuma imeisha yote. Sitaki aoe binti yangu na matako inje. Nitamushonea mwenyewe.»

Papa Bolamba alikuwa ameuma kalamu yake, kwa hiyo alisikia yote kwa meno, na macho yakawa makubwa juu ya kalamu.

«Ile,» Muzee akasema mwishowe, «si sauti yangu.»

«Bon,» Papa Bolamba akatoa kalamu. «Kama si sauti yako, Muzee, basi mukanda imeshindwa. Asumani, funga mashine, twende.»

Nikainama kushika waya. Ndipo pazia likasukumwa, Zaina akatoka, uso wa heshima kabisa.

«Papa, samahani. Kama si sauti yako, ni mwanaume gani alikuwa ndani ya nyumba peke yake na shangazi?»

Mnajua kuku anavyoruka akikanyagwa mkia? Shangazi Mwamini aliruka hivyo. «Eeeh! Ramazani! Miye niko mwanamuke wa heshima! Nina wajukuu! Sema ni sauti yako! Sema sasa hivi, mbele ya hawa wageni, nisikupige na ungo!»

Muzee akatazama dada yake, akatazama binti yake, akatazama mashine.

«Rudisha pale,» akaniambia. «Nisikie muzuri.»

Nilirudisha. Lakini mkanda wa mkono si mkanda wa kiwanda, na verni ile ilikuwa bado changa. Kupita mara ya pili unga ukaanza kumwagika kwenye kichwa, mwekundu, ukarundikana juu ya kitambaa cha meza. Suti na kanzu zilisikika. Mapazia yakasikika nusu. Tulipofika mahali pa mbuzi, shhh tu. Mkanda ukapita mweupe mpaka mwisho, ukaanza kupiga tap, tap, tap.

Muzee akagusa ule unga kwa kidole. «Maneno yangu iko hapa?»

«Ndiyo, Papa.»

Akapuliza. Pfff. Kitambaa kikabaki safi. Akanyoosha mgongo, sura ya fundi ikamrudia. «Sasa hakuna shahidi.»

«Shahidi ni miye!» Shangazi akasema. «Na jirani wote wamesikia, madirisha iko wazi!»

Muzee Ramazani alinitazama kutoka juu mpaka chini, akanishika bega, akanigeuza mgongo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha akatoa metre shingoni na kunizungushia kiunoni.

«Pumua,» akasema. «Usiingize tumbo, utanidanganya. Suruali ya harusi inataka nafasi ya kula.»